Gari la Kiti Kimoja

Johannesburg,
Jumapili, Mfungo Tatu

Kwako mke wangu, Mama Nuru,

Assalaam aleikum. Najua barua hii umeikuta ndani ya mfuko ulio nyuma ya kiti cha gari, na kwamba kiti chenyewe kimeshushwa mlangoni kwako na dereva Assumane mtaa mzima ukitazama. Usimwambie akirudishe. Amekibeba toka huku mpaka Pemba yetu ya Msumbiji, na toka Pemba mpaka hapo Palma, na kila aliposimamishwa njiani ameulizwa kiti hicho ni cha gari gani na gari lenyewe liko wapi. Mpe maji anywe, kisha usome. Ukitaka kukaa juu ya kiti, kaa. Ukitaka kukaa mkekani, nitaelewa.

Hujambo lakini? Nuru na Bakari hawajambo? Mguu wa mama mkwe umepata nafuu, au bado unamsumbua akiinuka? Mihogo ya bondeni nguruwe wameibakiza? Nuru aliniambia kwamba professora wao amehamishwa na darasa linakaa bila mtu. Nipe habari ya jambo hilo, linanikera. Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku imeanza na asubuhi spana zinauma vidole. Mengine ndiyo haya.

Jumatano iliyopita nilikupigia simu mara tatu. Mara ya tatu ukapokea, ukasema, "Sina la kusema, Baba Nuru. Gari limeshasema." Nyuma yako nikamsikia mama mkwe, sauti yake haijapungua hata kidogo: "Mwambie hata punda anabeba wawili!" Simu ikakatika. Jioni nikaona ulichoandika kwenye status yako: Mwenye kiti kimoja hangoji mgeni. Maneno ya leso bila leso. Niliyanakili kwenye daftari langu chini ya siku hiyo, nikaacha mistari mitupu, maana jibu langu lisingeenea kwenye simu. Ndiyo sababu nimechukua karatasi.

Najua ulichokiona. Binamu yangu Amade alikuja kututembelea pista, akapiga picha, akaituma kwa watu wote wa nyumbani na kuandika, "Kaka na gari lake jipya." Kwenye picha kuna gari limekombwa ndani halina kitu. Kimebaki kiti kimoja. Kwenye kiti amekaa mwanamke anacheka, na mimi nimeinama dirishani, mkono wangu uko kifuani kwake. Mama Nuru, ningekuwa wewe ningeandika maneno makali zaidi.

Sasa nisikilize. Daftari liko hapa mbele yangu, na yaliyomo niliyaandika kabla sijajua kuwa nitakuja kushtakiwa.

Mwanamke yule ni Dona Graça, mwenye gereji ninayofanyia kazi. Ni mjane wa watu wa Inhambane, ana wajukuu watano na meno mawili ya dhahabu, na anavuta sigara hata akiwa anakula. Mikanda ya gari la namna ile si kama ya gari la kawaida. Inapita mabegani, kiunoni na mapajani, yote inakutana kifuani, na aliyefungwa hawezi kujikaza mwenyewe. Fundi ndiye humkaza. Nilimwambia avute pumzi ndani, akasema, "Selemane, nikivuta zaidi ya hapa tumbo litatokea mgongoni." Hapo ndipo alipocheka, na hapo ndipo Amade alipopiga picha.

Pista ni uwanja wa magari, barabara inayozunguka na kurudi pale ilipoanzia. Haikufikishi popote. Watu huleta magari yao, wakayakimbiza kutwa nzima, jioni wakarudi kwao. Utasema hiyo ni akili gani. Nami nilisema hivyo hivyo nilipofika. Lakini ndiyo kazi ya gereji yetu: kuchukua gari kuukuu la bei ya chini na kulifanya lisifae kwa kitu kingine chochote isipokuwa kule.

Mwezi wa Rajabu Dona Graça aliniita nyuma ya gereji. Palikuwa na gari dogo la milango miwili, rangi imepauka, kuku wa jirani wanatagia ndani yake. Akaniambia, "Hili ukiliharibu hulii wewe wala silii mimi. Lifanye gari la pista, wewe mwenyewe, toka mwanzo mpaka mwisho. Likipita ukaguzi na likamaliza siku nzima bila kuzimika, wewe ni fundi mkuu. Nitakuandikia karatasi za kazi, na vile vyumba viwili vya uani vitakuwa vyako."

Nikamuuliza, "Vyumba viwili, mtu mmoja?"

Akasema, "Kwani huna mke wewe?"

Sikukwambia. Nilitaka nikwambie jambo likiwa limeiva. Hilo ni kosa langu la kwanza, na nimeliandika.

Gari la pista kwanza hupunguzwa uzito. Mimi kazi hiyo naiita kulivua, kama unavyomvua mtoto kabla ya kumwogesha. Nilitoa zulia, redio, kitambaa cha dari, ngozi za milango na kiti kirefu cha nyuma. Chini yake nilikuta maganda ya njugu, kitana, na kiatu cha mtoto cha mguu wa kushoto. Kiatu nikakiosha nikakiweka dirishani, sijui kwa nini. Sakafuni kulikuwa na lami iliyogandishwa ili abiria wasisikie kelele za njiani. Niliibandua kwa patasi siku nne. Kila kilichotoka nilikipima kwa mizani na kukiandika.

Kiti chako nilikitoa siku ya tano. Nakiita chako tangu siku ile, si leo kwa kuogopa maneno. Daftari linasema hivi: "Alhamisi. Nimetoa kiti cha abiria, kilo kumi na nne. Boliti nne. Kiti cha Mama Nuru kama angekuwepo." Dona Graça alitaka kiende na vyuma chakavu. Nikakifunga kwa nailoni nikakipandisha juu ya kabati la matairi. Akaniambia, "Unatunza kiti cha gari lisilokuwa na nafasi yake?" Nikakaza fundo la nailoni. Yeye akawasha sigara nyingine.

Baada ya hapo ikaja fremu ya mabomba, inayochomelewa ndani ili gari likipinduka paa lisimkandamize dereva. Kikaja kiti cha dereva, kile ulichokiona. Yakaja matairi. Mwisho zikaja breki, na hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

Breki zote zilikuwa mpya. Ijumaa, Dona Graça akiwa anatoka, akaniambia kwa Kireno nitie óleo ya travões. Óleo ni mafuta, travões ni breki. Na kwetu, Mama Nuru, kila kinachoteleza ni mafuta: ya kupikia, ya taa, ya nywele, ya gari. Kazi za breki kabla ya hapo alizifanya yeye mwenyewe. Nikaenda kabatini, nikachukua chupa nyekundu, mafuta safi, mazuri, nikajaza, nikafunga kifuniko, nikaandika. Kumbe yale ya breki si mafuta hata kidogo. Ni maji ya namna yake yaliyopewa tu jina la mafuta. Mafuta ya kweli yakiingia mle, mipira ya ndani inavimba kama mkate uliosahauliwa kwenye chai.

Uani breki zilishika vizuri. Baada ya wiki moja tukalipeleka pista kulijaribu, Dona Graça akiendesha. Mzunguko wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu nikaliona linafika kwenye kona halipunguzi mwendo. Likaiacha barabara, likaingia kwenye mchanga mwingi uliowekwa pale kwa ajili ya magari yaliyoshindwa kusimama, likazama mpaka milangoni. Nilikimbia, Mama Nuru. Sijui nilikuwa nasoma nini, nusu Fatiha nusu jina lake. Nilipofika alikuwa ameshatoka, amekaa mchangani, kofia ngumu mapajani, anatafuta kiberiti.

Akasema, "Pedali imezama mpaka chini. Yule aliyetuuzia breki nitamfuata dukani kwake leo hii."

Basi mlango ulikuwa wazi. Ningenyamaza, muuza breki angesimangwa bure, mimi ningebaki na vyumba vyangu viwili. Nilikuwa na daftari ndani ya ovaroli. Nikalifungua, nikamsomea: "Ijumaa. Nimetia mafuta ya breki, chupa nyekundu."

"Chupa nyekundu?" akasema. "Chupa nyekundu ni ya usukani, meu Deus! Umenitilia mafuta ya usukani kwenye breki?"

"Ndiyo, Dona."

Akavuta sigara yake mpaka nusu. Halafu akasema, "Ungeweza kunyamaza."

Nikasema, "Mimi ningeweza. Daftari lisingeweza."

Hakucheka. Alisema maneno mengi ambayo sitayaandika kwa sababu Nuru ameshajua kusoma. Mwishoni akasema, "Toa kila mpira, kila bomba, kila kilichoguswa na mafuta yale. Anza upya. Ukimaliza, mimi ndiye nitakayeendesha tena, ili ukose usingizi mpaka uwe na hakika." Kisha akasimama, akajikung'uta mchanga, akanishika bega ili avuke ukingo.

Kuanza upya kulichukua wiki tatu. Idd ndogo ilinikuta chini ya gari. Ndiyo Idd ile ambayo sikupiga simu, na ulimwambia Amade kwamba nimesahau hata takbira. Sikusahau. Niliswali, nikarudi gereji, nikakaa na simu mkononi. Ningekwambia nini? Kwamba nilikaribia kumuua bibi wa watu kwa sababu ya neno moja? Niliona aibu, nikaifanya aibu kuwa kazi nyingi. Hilo ni kosa la pili, na ni kubwa kuliko la mafuta. La mafuta lilikuwa la kutojua. Hili nililijua, nikalifanya hivyo hivyo.

Mara hii chupa nilimwonyesha yeye kwanza, na nikabandika karatasi juu yake kwa Kiswahili: SI MAFUTA. Wenzangu wa gereji hawajui Kiswahili, lakini sasa wote wanaijua karatasi hiyo, na wakinipita wananisalimia, "Si mafuta!" Limekuwa jina langu.

Siku ya pista ilipofika, mkaguzi alilizunguka gari na tochi, akavuta mikanda, akagonga mabomba, akaingiza kichwa chini. Akaniuliza nani aliliunda. Dona Graça akanielekeza kwa kidole. Basi. Likakimbia toka asubuhi mpaka jua linashuka, likasimama kila lilipoambiwa lisimame. Picha ya Amade ni ya siku hiyo. Yeye alipiga furaha yangu, wewe ukaiona dharau. Wote wawili mlitazama picha ile ile.

Karatasi za kazi zimeandikwa. Vyumba viwili nimevifagia. Kimoja kilikuwa stoo ya matairi na kingali kinanukia mpira, kingine kina dirisha linalotazama mti wa peach wa jirani. Kiatu cha mtoto nimekihamishia dirisha hilo. Sikwambii njoo. Najua mama mkwe hawezi kuachwa na mguu ule, najua watoto wana shule, na najua umewahi kuhama nyumba mara moja mbio mbio, vyombo kichwani, hutaki tena kuambiwa funga mizigo. Nakwambia tu kwamba nafasi ipo. Ukitaka kuja likizo ya Disemba kuangalia, uangalie. Ukiona hapafai, nitarudi mimi, na hilo nalo nimeliandika, kwa hiyo siwezi kulikana.

Sasa habari ya kiti. Nimekiundia miguu ya mbao ili kisimame barazani. Kitambaa nimekifua kwa sabuni mara mbili. Upande wa kulia chini kuna kishikio: ukikivuta, mgongo unalala nyuma ghafla. Mama mkwe aambiwe kabla hajakaa, nisije nikashtakiwa na la tatu.

Msalimie sana mama mkwe, umwambie punda nimemsikia na haki ni yake. Msalimie kaka yako wa kisiwani Rongui, akivuka kuja Palma akikague kiti kama kawaida yake ya kukagua kila kitu. Msalimie maalimu wa watoto, umwombe radhi kwa salamu zangu za Idd zilizochelewa. Nuru mwambie baba anasubiri barua kwa mwandiko wake mwenyewe, si wako. Bakari mbusu utosini, pale palipo na kovu.

Neno langu la mwisho ni hili. Dona Graça alitaka nizizibe zile tundu nne sakafuni mahali kilipokuwa kiti chako, nizichomelee na kupaka rangi, gari lipendeze. Nilikataa. Akaniambia tundu huingiza vumbi. Nikamwambia acha liingie. Boliti nne nimeziweka kwenye kopo la maziwa, nimezipaka grisi zisishike kutu, na juu ya kopo nimeandika jina lako. Amekubali kwamba siku utakayofika tutalifunga gari viti viwili, tuzunguke pista mara moja, polepole, bila kushindana na mtu.

Kiti unacho wewe. Boliti ninazo mimi. Mwenye kiti kimoja, Mama Nuru, anamngoja mgeni mmoja tu.

Ni mimi mumeo, fundi wa gari lisilokwenda popote,

Selemane, Baba Nuru