Gambuti Hazina Kamba

Yeyo,

Takwenya. Nimeandika salamu hiyo ya Kimaasai nikaweka kalamu chini, nikangoja ile "iko" yako ya kuvuta, kama mjinga. Miaka minane na bado nakungoja uniitikie. Basi acha niendelee bila jibu, maana nina habari, na habari hii ilikuwa yako kabla haijawa ya mtu mwingine yeyote.

Ni mimi Edna, mpiga chapa wa baraza, yule Mmaragoli uliyemfundisha kukuita Yeyo, yaani mama, na kunywa maziwa ya kibuyu bila kukunja uso. Siku hizi si mpiga chapa tena, walinipandisha nikawa karani wa kamati. Au tuseme nilikuwa karani mpaka juzi Ijumaa. Nitafika hapo. Jina lako silitaji, kwa sababu kwenu jina la aliyelala halitajwi, na nimekaa nanyi vya kutosha kuliheshimu jambo hilo. Jina lake pia silitaji, lakini hilo si kwa heshima. Nitamwita Kofia, vile soko lote linavyomwita, kwa ile kofia yake yenye unyoya.

Yeyo, Kofia amesoma. Kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kipaza sauti, mbele ya wageni na wenyeji, amesoma yote. Nimefurahi mpaka chakula kimenishinda.

Unakumbuka ile barua ilivyotufikia? Ilitoka ng'ambo, kwa mameya waliokuwa wameungana, wakiyaomba mabaraza ya miji na wilaya za dunia nzima yapitishe hoja ya kudai silaha za nyuklia ziharibiwe zote. Mkubwa wangu wa wakati huo aliitupa kwenye lundo la karatasi ambazo mimi nilizitumia upande wa nyuma kuandikia rasimu. Wewe ulikuwa diwani wa kuteuliwa, mwanamke peke yako kati ya wanaume wote wale, na ulipenda kungojea mkutano kwenye benchi langu kwa sababu kule ndani walikuwa wanakupulizia moshi wa sigara. Ukaniuliza hiyo karatasi yenye picha ya watoto ni ya nini. Nikakusomea kwa Kiswahili, nikiruka maneno magumu.

Uliniuliza, "Hiyo bomu inachagua?" Nikakuambia haichagui. Ukauliza kama inaua hata ng'ombe. Nikakujibu hata ng'ombe, na nyasi pia. Ukaitazama tena ile picha ya watoto. Ulikuwa umezalisha wanawake kwenye zahanati ya Kajiado zaidi ya miaka ishirini, na nadhani ulikuwa unawapitia mmoja mmoja kichwani. Halafu ukasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Mtu ya kumaliza mtoto na ng'ombe na nyasi siku moja, huyo si adui. Huyo ni mwendawazimu, na mwendawazimu ananyang'anywa panga."

Nilikupigia chapa hoja siku hiyohiyo. Mistari minne tu.

Sheria ya baraza uliijua kunishinda. Hoja isiyopata mtu wa pili wa kuiunga mkono inaanguka palepale, na ikishaanguka hairudi mpaka miezi sita iishe. Ndiyo maana ulimtafuta Kofia. Alikuwa diwani mpya, kijana wa rika la mwanao wa kwanza, na kwenye kampeni ulikuwa umemwombea kura kwa wanawake boma hadi boma. Alikuja kwako akanywa chai mara tatu. Nilikuwepo mara ya tatu. Alisema, "Mama, mimi niko nyuma yako. Simama tu."

Ukasimama. Ilikuwa mwaka ule wa mvua ya El Niño, Kitengela yote imegeuka uji mweusi, na madiwani wote waliingia ukumbini na gambuti za mpira, hata mwenyekiti. Ulishika nyasi mkononi, kwa sababu kwenu mwenye kushika nyasi hapigwi, anasikilizwa. Ulisema maneno yako. Wakacheka. Mmoja akauliza bomu la atomiki litapitia barabara gani kufika Isinya na madaraja yote yamebebwa na maji. Mwenyekiti naye akacheka, akafuta macho, akauliza nani anaiunga mkono hoja ya mama.

Kofia alikuwa kiti cha pili kutoka kwako. Wiki ileile alikuwa anatafuta uenyekiti wa kamati ya viwanja, na waliokuwa wanacheka ndio wangempa. Nilimwona. Aliinama, akashika miguu yake, akawa anafunga kamba za viatu. Alifunga na kufunga mpaka mwenyekiti akasema hoja imeanguka.

Yeyo, gambuti hazina kamba.

Mwenyekiti akaendelea na ajenda ya choo cha soko, na wewe bado umesimama na nyasi zako. Hukuketi mpaka mkutano ukaisha. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu siku hiyo kwa sababu karani alikwama njiani. Niliandika, "Hoja haikuungwa mkono. Ikaanguka." Nilitaka kuandika na ile habari ya kamba, lakini fomu ya kumbukumbu haina mahali pa kuandika woga wa mtu.

Ningekuwa mimi ningeenda nyumbani nikalia. Wewe ulikuja benchini ukaniuliza miezi sita itaisha lini.

Jumamosi zile ndizo ninazozikumbuka zaidi. Nilikuwa naiba kibweta cha wino wa mihuri ofisini Ijumaa jioni, kesho yake tunatembea, wewe mbele, mimi nyuma nikivuta miguu kwenye matope, tukiwatafuta wanawake waweke vidole gumba kwenye karatasi ya kuunga mkono hoja yako. Mwanzoni walitukimbia. Na wangekosaje? Wameona wazee wangapi wakiweka kidole kwenye karatasi ya ranchi, na kesho yake shamba lina ua wa mtu wa Nairobi? Koko mmoja, bibi mzee wa Isinya, alikuficha mikono yote miwili chini ya shuka. Ndipo ukaweka kidole chako wewe kwanza, wewe uliyejua kuandika jina lako vizuri kuliko nusu ya madiwani, ukamwambia, "Hii si ya shamba. Hii ni ya kukataa moto." Koko akakitazama kidole chako cheusi, akacheka, akatoa chake.

Ikafika Julai, na ile baridi. Ulianza kukohoa tukiwa njiani kutoka Kajiado, ukasema ni vumbi, na vumbi halikuwepo. Nilikusihi tupumzike Jumamosi moja. Ukaniita mtoto wako kwa lugha yenu, "Enkerai ai, siku ziko chache." Wiki iliyofuata ulikuwa kitandani, na nilipokuja kukuona uliniuliza jambo moja tu, kama umebaki mwezi mmoja. Nikakuambia ndiyo, mwezi mmoja. Hukuufikia.

Kwetu mtu akifa tunapiga nduru mpaka sauti inakauka. Kwenu niliambiwa ninyamaze, nikanyamaza. Nilinyamaza hata Kofia aliposimama kaburini, kofia kifuani, akawaambia watu alikuwa nyuma yako tangu mwanzo. Nilinyamaza na tangu siku hiyo sikuwahi kunyamaza moyoni.

Mwezi uliofuata ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Nairobi. Hata hapa kuna nyumba zilizokosa mtu jioni ile. Baada ya hapo hakuna diwani aliyecheka mtu akisema bomu. Na miezi sita yako ilipoisha, Kofia akasimama na hoja. Niliijua hoja ile, Yeyo, kama mtu anavyomjua mtoto wake. Ilikuwa mistari yangu minne, na herufi "a" imekatika mkia, vile taipureta yangu ilivyokuwa inaikata. Mikono yote ikapanda. Kumbe ilikuwa imekuja barua nyingine, ya mwaliko, na tiketi ya ndege ya mjumbe mmoja. Akaenda. Akarudi na beji ya njiwa kwenye kola, akawa mtu wa amani. Kwa amani hiyo akapata kura, na kwa hizo kura akapata uenyekiti wa baraza.

Sasa mwaka huu wakaamua kuweka jiwe mbele ya ofisi, kwamba mji huu umejiunga na miji ya dunia kupinga silaha za nyuklia. Jina la mwanzilishi lichongwe, na mwanzilishi ni nani? Kofia aliniita ofisini. "Edna, niandikie vile nilianza hii maneno ya amani. Iwe tamu." Nikamuuliza, kwa upole kabisa, kama tusikutaje hata kidogo. Akaweka mkono kifuani kama mchungaji. "Edna, wewe umekaa na sisi. Unajua sisi hatutaji wafu."

Yeyo, nyumba yake ya ghorofa hapa Kitengela ina jina la marehemu babake kwa rangi nyekundu, herufi zinasomeka kutoka barabara ya Namanga. Nilitoka mle ofisini nikiwa nimepoa. Hasira yangu ya miaka minane ilitulia kwa mara ya kwanza, kwa sababu ilikuwa imepata kazi.

Kuna jambo hukuliona, kwa sababu uliondoka kabla. Kofia hasomi hotuba kabla ya kuisoma. Hana wakati, au macho, au zote mbili. Miaka yote hii nampigia chapa, anapokea karatasi akiwa jukwaani, anavaa miwani na kwenda nayo mbio. Siku moja nilikuwa nimeandika chini "Geuza ukurasa", akalisoma hilo pia, akapigiwa makofi. Basi nikaandika. Ukurasa wa kwanza nilimjazia sukari: wageni waheshimiwa, wachungaji, walimu, watoto wa kwaya. Ukurasa wa pili niliandika ukweli.

Ijumaa, siku ya kufunua jiwe, alisoma mbio kama kawaida. Akasoma kwamba kulikuwa na mama aliyekuja barazani na nyasi mkononi. Akasoma kwamba watu walicheka. Akasoma, "Mimi nilikuwa nimemwahidi. Nilipoitwa, niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Siku hiyo nilikuwa nimevaa gambuti." Neno la mwisho lilishatoka ndipo akalielewa. Akakwama. Turubai likawa linapigwa na upepo. Na macho yote, Yeyo, ya wazee, ya watoto, ya wale madiwani wa zamani, yakashuka pole pole mpaka miguuni mwake. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ngozi, vina kamba, zimefungwa vizuri sana.

Akanitafuta. Nilikuwa nimesimama karibu na spika. Sikuinama. Nilikuwa nimejiahidi kwamba mimi sitainama.

Ndipo yule koko wa Isinya, sasa anashikiliwa na mjukuu, akasema kutoka safu ya mbele, wala hakupaza sauti: "Soma. Tunasikia."

Akasoma. Angefanya nini? Mungu si Athumani. Alisoma vidole gumba, alisoma Jumamosi, alisoma matope na Julai. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye beji ya njiwa. Na mstari wa mwisho nilimwandikia hivi, na aliusoma hivi: "Leo, mbele yenu wote, ninaiunga mkono hoja ya mama yule."

Kulikuwa na wageni wawili wa ng'ambo; walipotafsiriwa maneno hayo wakasimama wakapiga makofi, mmoja akamshika mkono akamwambia ana ujasiri mkubwa. Hapo nusura nirushe kiti. Hata aibu yake wanataka kuifanya sifa! Lakini wanawake hawakupiga makofi. Walimtazama tu viatu, kisha wakaenda zao wakicheka. Leo kanisani nimesikia watoto tayari wana mchezo: ukikataa kumsaidia mwenzako unaambiwa umefunga gambuti. Hilo litaishi kuliko jiwe lake.

Mimi nimesimamishwa kazi, nikapewa barua ya kujieleza. Siku saba. Nitaijibu kwa mistari minne.

Najua ungesema nini. Ungesema panga ni panga. Wewe ulizunguka na miguu mibovu ukiomba dunia itupilie mbali silaha, na mimi karani wako nilikuwa na yangu, nikaificha miaka minane, nikaipalilia, nikachagua siku yenye watu wengi. Ni kweli. Sijutii. Ukinikasirikia huko uliko, nikasirikie, nitakuja kuomba radhi nikifika, lakini yeye asingoje radhi yangu. Kumsamehe sikuahidi. Ninachokuahidi ni kwamba sina silaha nyingine. Nimetafuta ndani yangu tangu Ijumaa na nyumba ni tupu, na ajabu ni kwamba ndani ya huo utupu nakukosa zaidi kuliko wakati nilipokuwa na hasira ya kunishughulisha.

Zile karatasi za vidole bado ninazo, kwenye sanduku la nguo zangu za Krismasi. Hazikuwahi kutumwa. Anwani ya wale mameya nayo ninayo, kwa sababu ile barua ya kwanza sikuitumia kwa rasimu. Kesho nitazipeleka posta mwenyewe, na kidole chako kiko cha kwanza. Halafu nitapitia kaburini kwako Isinya, nikuwekee nyasi, mbichi, nitakazozing'oa kwa mkono wangu.

Ile siku hukuketi. Nilikuwa nakutazama kutoka meza yangu, nikiomba mtu akuvutie kiti, na hakuna aliyekuvutia. Nimekuona umesimama vile miaka yote hii.

Hoja imeungwa mkono, Yeyo. Nimeiandika kwenye kumbukumbu. Keti sasa.

Edna wako