Shule ya Ng'ambo ya Mto

Jumapili, Januari 2005, Muthangari

Shule ile ya ng'ambo ya mto ndiyo nzuri, sina haja ya kujidanganya. Mwalimu alitambua mara moja kwamba Wanja wangu hasikii vizuri, akamkalisha mbele. Ile ya karibu na nyumbani, watoto wamebanana sakafuni, na mwalimu akaniambia, "Huyu wako ni mkaidi, haitiki akiitwa."

Lakini mama yangu ndiye anayemlea huko kijijini, na miguu yake imeisha nguvu. "Mto siuwezi tena, Njeri," alisema bila kuniangalia.

Basi nikamwandikisha ile ya karibu, nikarudi kazini huku Nairobi.

Kesho asubuhi nitawavalisha watoto wa mdosi wangu, hawa ninaolipwa kuwalea, sare za shule. Sijui nitawafungaje vifungo bila kulia.