Mvumo Kwenye Mbira ya Tete Eneresi

Jumatatu, 26 Oktoba
Amekubali! Tete Eneresi, dada wa baba, amekubali nimrekodi! Miaka sita nambembeleza. Amefika asubuhi kutoka kijijini Murehwa na mbira, ala yake ya vyuma inayopigwa kwa vidole, ndani ya buyu lake, buyu ndani ya taulo. Dole gumba la kulia limevimba. Tarehe kumi na mbili mwezi ujao wanampasua, na daktari hakumficha: huenda lisikunjike tena. Na Jumapili Novemba inaingia, mwezi wa mwiko, Mbudzi, hapo mbira haiguswi. Kwa hiyo nina mpaka Jumamosi tu. Siku sita! Nimefurahi mpaka nimeunguza sadza, ugali wa jioni.

Jumanne, 27 Oktoba
Kuna mvumo. Mmmmm — nyuma ya kila noti, kama nyuki kwenye debe. Nimebadilisha waya wa maiki. Upo. Maiki nyingine. Upo. Nimechomoa friji. Upo! Mume wangu Garikai karudi kazini, akauliza friji imenikosea nini, nyama yote imelegea. Nikamwambia anyamaze, nasikiliza. Tete akacheka kochini: mume anafukuzwa, mvumo unabaki.

Jumatano, 28 Oktoba
Nimepata dawa! Kompyuta ina programu ya kufuta kelele. Unaionyesha kelele, inaifuta. Nikarekodi, nikafuta — kimya! Nilirukaruka chumba kizima. Nikamvisha Tete hedifoni. Akasikiliza, kichwa upande.
"Anajitahidi," akasema. "Mtoto wa nani huyu?"
"Tete, si wewe huyo!"
"Mimi? Mbona vifuniko vyangu havilii?"
Lo! Vile vifuniko vya chupa alivyovifunga kwenye buyu, vinavyolia zzz chini ya kila noti — programu imeviona kelele, ikavipangusa pamoja na mvumo. Mimi, Shuvai, binti wa nyumba ya mbira! Tete anasema bila zzz mizimu haishuki, itadhani jirani anaosha vijiko. Garikai alicheka mpaka akakohoa. Nimeifuta programu yenyewe. Nimeona aibu sana.

Alhamisi, 29 Oktoba
Umeme umekatika tangu alfajiri. Nilinuna. Halafu, basi tu, nikawasha laptopu kwa betri, Tete akagusa vyuma viwili.
Hakuna mvumo!!
Zzz ipo, mvumo haupo. Saa tisa umeme ukarudi, nikachomeka chaja: mmmm. Nikachomoa: kimya. Nikachomeka, nikachomoa, nikachomeka, mpaka Tete akauliza kama nina homa. Chaja! Siku mbili naisingizia friji ya watu! Nimemkumbatia Tete, nimemkumbatia Garikai, friji nimeipigapiga mgongo.

Ijumaa, 30 Oktoba
Dole limekataa. Limekuwa kama kiazi. Anakanda kwa maji ya moto na chumvi. Hajagusa mbira leo. Mimi najaza betri.

Jumamosi, 31 Oktoba
Saa nne asubuhi. Betri mia kwa mia. Garikai kawapeleka watoto wetu kwa mama yake. Tete akavuta ugoro, nikapiga makofi ya heshima, akaanza. Jamani! Kila zzz ipo, safi, mpaka nywele zilinisimama. Wimbo wa kwanza tumeumaliza!
Wimbo wa pili — kelele mpya. Ndogo. Ss. Nikakagua waya. Dirisha. Kiti. Ikaja tena, ss, kisha tena, kila dole la kulia linaposhuka kwenye chuma. Si waya. Ni Tete, anavuta pumzi kwenye meno.
Nimesimamisha. Nimemwambia nasogeza maiki, kumbe naandika hapa nipate muda. Zimebaki nyimbo tatu. Betri hamsini na mbili. Nikisema inatosha, nyimbo hizo zimekwenda. Nikinyamaza, ninamuumiza mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Na ule wa pili ulikuwa unatoka vizuri kuliko wa kwanza, Mungu anisamehe.
Ananitazama usoni.
"Kuna kelele tena, Shuvai?"
Nimesema hakuna.
"Basi washa."