Mara Arobaini na Moja

Manchester, 6 Februari 1994

Dada Hyasinta,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na mtoto Severa anaendelea kukua. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitoa machozi.

Nina habari. Unakumbuka utafiti wangu wa mwaka 1988, ule wa udongo wa Pugu uliofanya mafuta ya mawese yageuke upesi kuwa kama dizeli? Huku kuna kitabu kinachohesabu mtafiti katajwa mara ngapi na wenzake. Nimetajwa mara arobaini na moja! Utafiti huo ndio ulionipa kazi hapa chuoni. Sasa wanataka niurudie mbele yao. Naomba unitumie udongo wa shimo lilelile, uuanike uani kwenye sinia kama ulivyonianikia siku zile maabara yetu haikuwa na umeme.

Mdogo wako,
Filbert


Kariakoo, 20 Machi 1994

Mdogo wangu Filbert,

Marahaba baba. Sisi wazima, hofu ni kwako na hiyo baridi.

Watu arobaini na moja! Wee! Nimetangaza Mtaa wa Sikukuu mzima, hadi muuza mitumba wa mlangoni kwangu anakuita profesa. Siku hizi kila baraza limekuwa duka, pa kuanika kitu hakuna, lakini nimepata. Nimetuma kilo mbili za udongo kwa posta. Nimeulinda mwenyewe, hata kuku hakuusogelea. Severa anataka viatu vinavyowaka taa.

Dada yako,
Hyasinta


Manchester, 15 Mei 1994

Dada,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi sijambo kidogo.

Udongo umefika. Haufanyi kazi. Nimejaribu mara tisa.

Sikukwambia ukweli wote. Hao arobaini na moja, wengi wananitaja ili waseme walijaribu wakashindwa. Nilidhani ni kwa sababu walitumia udongo wa kwao. Sasa nimeshindwa hata mimi. Mkuu wa idara amenipa hadi mwisho wa Agosti: niwaonyeshe, ama niufute utafiti kwa maandishi yangu mwenyewe, na mkataba uishie hapo. Mmoja ameshanitamkia usoni kwamba zile namba nilizipika.

Hebu kumbuka, dada. Mwaka ule nilipokwenda Morogoro wiki mbili, kuna kitu kiliingia kwenye sinia? Chumvi, majivu, chochote? Nijibu upesi, nakuomba sana.

Mdogo wako,
Filbert


Manchester, 30 Juni 1994

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya? Unaumwa? Kama hukumbuki, niandikie hivyohivyo kwamba hukumbuki.

Mdogo wako


Kariakoo, 22 Agosti 1994

Filbert mdogo wangu,

Nakusalimu. Hatuumwi. Nilikuwa naogopa.

Hakuna kilichoingia kwenye sinia. Kilitoka. Niliula.

Nilikuwa na mimba ya Severa, mwezi wa tano. Kila mvua ikinyunya ule udongo wako unanukia, mate yananijaa mdomoni. Leo kipande, kesho kipande. Ulinieleza kwamba kichocheo, kama ule udongo wako, hufanya kazi bila chenyewe kuisha. Mimi nilikimaliza kwa meno. Nikajua ukirudi utanila nyama, nikakimbilia kwa Bi Zulekha, yule mama wa Kilwa aliyekuwa akiwauzia wajawazito udongo wa kula pale Msimbazi. Nikautwanga, nikauchekecha, nikaujaza kwenye sinia. Nikasema aa, udongo ni udongo. Halafu ukarudi, ukafurahi, ukasifiwa, nami nikanyamaza miaka yote hii.

Kwa hiyo hukumdanganya mtu. Uliofanya kazi ni udongo wa Bi Zulekha. Nimemtafuta tangu Juni. Pale alipokuwa akiuzia, askari wa jiji walishawafukuza wauzaji wote. Binti yake nimempata Ilala. Mama alifariki mwaka juzi, na hakumwonyesha mtu alikokuwa akichimba. Nimenunua kwa wauzaji sita wengine, nakutumia pamoja na barua hii, jaribu wote. Nisamehe, Filbert. Nimekunyang'anya tonge mdomoni.

Dada yako,
Hyasinta


Manchester, 19 Septemba 1994

Dada,

Shikamoo. Barua yako na udongo vimefika tarehe 8. Karatasi ya kufuta utafiti nilikuwa nimeitia saini tarehe 31 Agosti.

Hata hivyo niliwaomba wasininyang'anye funguo za maabara kwa wiki moja. Nimejaribu udongo wote sita. Hakuna. Barua yako nilimtafsiria mkuu wa idara, akacheka, akadhani namtania. Hakuna jarida litakalochapisha kwamba namba zilikuwa sahihi ila udongo wa Pugu uliliwa, na uliofanya kazi hatujui ulitoka wapi.

Nimejaribu kukukasirikia, na hilo nalo nimeshindwa. Acha kuwasumbua wauza udongo.

Wakihesabu tena kwenye kile kitabu, nitakuwa nimetajwa mara arobaini na mbili. Huyo wa mwisho anayesema Filbert alikosea ni mimi mwenyewe.

Viatu vya Severa nimeshanunua, nitakuja navyo mwezi ujao. Watu wa Sikukuu wakiuliza, waambie profesa anakuja likizo.

Mdogo wako,
Filbert