Taulo la Njano Dirishani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na yule fundi amekuja kuziba paa au bado anakulisha ahadi? Shemeji naye msalimie sana, mwambie picha ya bustani yake nimeiona na nimecheka, ingawa siku hizi kucheka kwangu kunaishia midomoni. Sisi huku tunapumua. Kibonge anaendelea kupona, ngozi ya kifuani imeanza kukauka pembeni, na usiku sasa analala kidogo. Mimi sijambo, kama neno hilo bado lina maana.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mvivu wa kuandika kama mimi. Simu ninayo, lakini nyumba yetu unaijua, vyumba viwili na ukuta mwembamba, na siku hizi kila nikishika simu Meneja, yule binti yangu mkubwa, anaacha anachokifanya anakuja kukaa mlangoni, asikilize kama anatajwa. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa kazini, juu ya meza ya kupigia pasi, wakati bosi amekwenda kupeleka mashuka hotelini. Ukiona alama ya unyevu kwenye karatasi usidhani yote ni machozi, mengine ni mvuke wa pasi.

Mambo ya baiskeli umenigombeza tangu zamani, na najua unachosema moyoni: si aache tu. Dada, nilijaribu. Baada ya kumzaa Kibonge niliitundika baiskeli ukutani, nikatulia, nikawa mama wa nyumbani na kazini, kila mtu akanisifu. Nilikuwa nakaribia kurukwa na akili. Kutwa ni mama hiki, mama kile, kazini ni pasi na mashuka ya watu nisiowajua, baba yao yuko barabarani na lori lake, na akirudi ni kulala. Juu ya baiskeli ndiko pekee hakuna anayeniita. Nikikaza pedali, upepo ukanipiga usoni, najiona mtu kamili. Sikuombi unielewe, ila usinicheke.

Tatizo likawa watoto nitamwachia nani. Bibi wa chumba cha chini, aliyekuwa akinishikia, alihamia kwa mwanawe. Kazini Kibonge nakuja naye, anakaa ndani ya kapu la mashuka kama mfalme, lakini mazoezini kapu hilo nitalifunga wapi? Ndipo nikabuni mambo ya taulo. Barabara inayozunguka majengo yetu ni ya lami, Jumapili asubuhi haina magari, na kila mzunguko unanipitisha chini ya dirisha letu. Nilimfundisha Meneja kwamba taulo la njano likining'inia kwenye nondo za dirisha, mambo ni shwari. Kukiwa na tatizo lolote alivute ndani, nami nitapanda ngazi mbio. Mlango nikafunga kwa nje, ufunguo nikauvaa shingoni.

Kazi hiyo aliifanya kwa madaha usiyoweza kuyaamini kwa mtoto wa miaka mitano. Mara ya kwanza alilivuta kwa sababu mdogo wake ametafuna kalamu ya rangi. Mara ya pili nilipanda ghorofa mbili na viatu vyangu vinavyoteleza, roho mkononi, nikamkuta ananionyesha paka juu ya paa la jirani. Hapo ndipo alipopata jina la Meneja. Kila mara nilijaribu kucheka, lakini uso wangu haujui kuficha, na yeye aliona kwamba mama akisimamishwa ananuna.

Kocha wetu, ambaye riziki yake ni kuchomelea mageti, alikuwa anatafuta wanawake wanne wa kwenda kwenye mashindano makubwa ya mwaka huu. Wenzangu ni wasichana, hawana wa kuwalea zaidi ya miguu yao. Nilijua mwaka huu nikikosa, mwakani nitakuwa mtazamaji. Sharti la kocha ni moja na analishika kama dini: siku ya kupimwa, atakayetia mguu chini kabla ya kumaliza ametoka, awe amepata pancha, awe amefiwa. Wenzangu walipimwa kwenye barabara kuu. Mimi nilimsihi anipime hapa kwetu, na kwa shingo upande akakubali. Alikuja nyumbani kunieleza, akanywa chai yake, akasema mguu chini ndiyo mwisho, na habari za watoto na paka asizisikie. Meneja alikuwa mkekani anamvisha mdoli wake soksi, na kila neno alilidaka.

Jumapili ile niliamka alfajiri. Niliwalisha, nikawawashia katuni, nikaiweka chupa ya chai katikati ya meza, mbali na ukingo. Kitambaa cha meza sikukifikiria. Nilipokuwa natoka nilimwambia Meneja leo ni siku kubwa ya mama, kwa hiyo awe hodari. Kocha alisimama kwenye kona ya duka la vipuri na saa yake ya kupimia, nami nikaondoka. Kila nilipopita taulo lilikuwepo. Nilipomaliza, kocha, ambaye hajawahi kunisifu tangu tujuane, alinipiga begani na kucheka kwa sauti. Ngazi nilizipanda nikiwa nacheka peke yangu, baiskeli begani, nikafungua mlango.

Kitambaa cha meza kilikuwa sakafuni na chai imetapakaa kote. Kibonge alikuwa bafuni, amekaa ndani ya beseni, fulana imegandamana na kifua, sauti imemkauka kwa kulia. Meneja alikuwa anammwagia maji kwa kikombe, polepole, na huku amemwekea sukari mdomoni anyamaze. Aligeuka akanitazama, akaniuliza kama nimetia mguu chini.

Dada, hospitali nilidanganya. Nilisema nilikuwa uani naanika nguo, na dada mtu hakuniita. Baba yao nikamwambia hivyo hivyo, na wewe nikakwambia hivyo hivyo. Ulikuwa uongo wa kunitoa mbele ya daktari, basi, lakini ulipata pa kukaa na haukuondoka. Nesi alimtazama Meneja akatikisa kichwa. Baba yake alimwambia kwenye simu kwamba alidhani ameacha nyumbani msichana mwenye akili. Wewe nawe ulimsema kidogo, kwa mapenzi, ukamwambia siku nyingine aite. Alimwitikia kila mtu ndiyo, ndiyo, na hakunichongea kwa yeyote. Sasa chakula anakigusagusa tu. Mdogo wake akilia, hata kwa kunyang'anywa kijiko, anakimbilia dirishani na kuvuta chochote anachokikuta: pazia, nguo zilizoanikwa, siku moja alivuta mpaka kamba yenyewe ikakatika.

Mpaka hapo ungeweza kuniita mama mjinga, nami ningelipokea. Lakini kuna lililobaki, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimeliandika mara kadhaa na kulichana, leo naliacha lilivyo.

Nilimsikia. Nilipokunja kona kuingia chini ya dirisha nilisikia mtoto analia. Jengo letu limejaa watoto, nikajiambia ni wa jirani. Mzunguko uliofuata nikamsikia tena, na safari hiyo sikuwa na la kujiambia, kwa maana kilio cha mwanangu nakijua hata katikati ya soko. Niliinua macho nikaliona taulo. Nikasema moyoni, taulo lipo, mambo shwari. Nikatia pamba masikioni, nikaongeza gia. Kocha anasema ile mizunguko ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya kasi kuliko yote, anawasimulia wenzangu wajifunze. Mimi najua kwa nini ilikuwa ya kasi. Nilikuwa namkimbia mwanangu. Meneja alikosea kwa sababu ni mtoto na alitaka mama yake ashinde. Mimi sikukosea, dada. Mimi nilichagua.

Na hata sasa sijatubu sawasawa, tusidanganyane. Nimechaguliwa. Juzi kocha ameniletea jezi, nimeikunja nikaificha chini ya godoro, na sijamwambia kwamba siendi. Kila asubuhi natoka nimeshaamua kumwambia, kila jioni narudi na neno lenyewe mdomoni. Usiku Kibonge akigeuka kitandani na kuguna kwa maumivu najichukia, halafu alfajiri miguu inakumbuka barabara. Sijui ni mtu gani anayeishi hivi. Najiogopa, na sina mwingine wa kumwambia.

Baba yao anarudi mwisho wa mwezi. Nitamweleza yote. Ninavyomjua, atawachukua watoto awapeleke kwa mama yake, na sitakuwa na uso wa kumzuia. Meneja ataondoka hapa akiamini wanahamishwa kwa sababu yake, na hilo ndilo nisiloweza kulibeba. Nakuomba uje kabla yake, hata kwa siku moja, hata kama itabidi uje na mgongo wako umefungwa kanga. Sikuiti uje kunitetea. Nataka umkalishe Meneja ubavuni mwako wakati naongea, asikie mbele ya watu wazima kwamba kosa ni langu. Peke yangu nimeshamwambia mara nyingi, ananijibu ndiyo mama, kama anavyowajibu nyote. Haniamini, na ana haki, kwa sababu amenisikia ninavyowaambia wengine.

Nasikia gari la bosi, na shuka hili limekaa chini ya mkono wangu bila kupigwa pasi tangu nianze kuandika. Nisalimie shemeji tena, na wanao wote, na majirani wanaonikumbuka. Kibonge anakusalimu kwa lugha yake. Meneja naye nilimwambia asubuhi kwamba leo namwandikia mama mkubwa, nikamuuliza nitie salamu gani kutoka kwake. Alifikiri sana, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Akasema nikwambie kwamba hatarudia tena.

Ni mimi,
mdogo wako.