Pete za Kingamwili Zilizokataa Kuonekana

Mtaa wa Bécsi,
Szeged, Hungaria.
14 Novemba 2019.

Mpendwa Shangazi Etelka,

Habari za Winnipeg na baridi yake? Goti limepoa, au bado unamficha daktari? Huku tu wazima, ila mimi usingizi umenikimbia.

Uliniuliza kwenye simu ni nini kinachoniweka maabara. Ni kingamwili, wale walinzi wa damu. Tunatandaza utando mwembamba wa mafuta juu ya kipande cha ulanga, lile jiwe linalobanduka kama karatasi, kisha tunawamwaga hapo. Mmoja mmoja hawana nguvu. Wakijipanga sita, wakafanya pete, ndipo huita protini nyingine zije kumtoboa adui. Pete hiyo ndiyo ninayoitafuta, kwa darubini yenye ncha inayopapasa utando kama kidole gizani.

Tangu Septemba nimeona vipande tu: wawili huku, watatu kule, vurugu. Jumatatu Profesa Szalontai aliniambia kwa upole, "Emőke, binti yangu, pete zisipoonekana kufikia Ijumaa, darubini nampa mwenzako Bulcsú." Sikula siku hiyo. Unanijua.

Nikazidi kuikaza ncha juu ya utando ili picha iwe kali. Jana Bulcsú mwenyewe alikuja na kahawa, akachungulia begani kwangu.

"Dada, unapapasa au unakanda unga?"

"Nataka kuona vizuri."

"Ukinibonyeza hivyo, hata mimi nitatawanyika."

Nilimkasirikia. Alipotoka nikailegeza ncha mpaka ikawa kama haigusi, nikahamia upande ambao sikuwahi kuupima. Picha ilikuwa hafifu, kama ukungu juu ya mto Tisza. Lakini walikuwepo, Shangazi. Sita, wameshikana, na kando yao sita wengine. Nikakaza tena kidogo, kuhakikisha. Pete ikavunjika. Kumbe muda wote nilikuwa nawavunja mimi, kwa hamu ya kuwaona.

Kesho nitarudia mbele ya Profesa. Woga ukinifanya niukaze mkono, darubini imekwenda.

Jambo jingine. Kila Jumapili Baba hukuuliza utarudi lini, na siku hizi simu zako zimekuwa chache. Nimemwomba asiulize tena. Amenuna, lakini Jumapili atakusimulia supu yake ya samaki tu, basi. Nami siulizi.

Msalimie binamu Gellért na mkewe. Mama na Bibi Rozália wanakusalimu sana. Mungu alitulize goti lako, na mkono wangu.

Mpwa wako akupendaye,
Emőke