Ngoma ya Kaka Yangu Haichekewi

Jumapili, Oli, Arua, 1974. Mvua tangu asubuhi.

Salamu kwanza, daftari, maana mimi sijui kuandika bila salamu. Baba Ayikoru mzima, kifua tu kinamsumbua. Mama mkwe mzima, anadai chai. Ezaru, mwanangu mdogo, mzima, anapukuchua mahindi. Mimi si mzima. Nimekasirika.

Jana Ayikoru, binti yangu anayesoma chuo kikuu Kampala, alikuja na wenzake kuonyesha ngoma hapa uwanjani. Somo lake ndilo hilo, kucheza. Nikavaa gomesi nzuri, nikamleta wifi Draru, mjane wa kaka yangu, kutoka Dadamu. Tukakaa mbele kabisa.

Hatua tatu tu, nikaijua. Ngoma tuliyomchezea kaka yangu siku tulipomzika!

Ile inachezwa penye msiba tu. Macho chini, miguu mizito. Wao meno yote nje, wanakata kiuno, watu wanapiga miluzi.

Wifi akaniuliza polepole, "Mume wangu anachekesha nani hapa?" Akainuka, akaenda zake peke yake.

Nikamwendea mwalimu wao. "Baba, leo nani amekufa?"

Akatabasamu. "Mama, ile yenu iko nzito sana. Tumeirembesha kidogo."

Kuirembesha! Kwani kilio chetu kilikuwa kichafu, kinangoja sabuni ya Kampala? Vitabu vyote hivyo amesoma, kuuliza hakufundishwa?

Ayikoru akanivuta mkono. "Mama, nyamaza, atanifelisha."

Sasa niandike ukweli, maana hapa hakuna anayeniona.

Mimi ndiye niliyemfundisha.

Likizo iliyopita alisema mwalimu anataka ngoma za kwetu. Mimi niliyeishia darasa la pili, chuo kikuu kinataka kitu changu! Kichwa kikavimba. Nikapiga beseni jikoni, nikacheza, tukacheka, na nyumbani hapakuwa na maiti. Sikumwambia ni ngoma ya nini. Niliogopa atasema, basi Mama, hiyo haifai.

Lakini mimi nilikosea jikoni kwangu. Yule mwalimu amekosea mbele ya mji mzima, na anajisifu.

Leo nimepeleka unga Dadamu. Wifi hakufungua. Nilimsikia ndani anasogeza sufuria.

Na wao wameshaondoka alfajiri kwenda Koboko, Jumamosi wanaicheza tena huko, mbele ya wageni wakubwa.

Ayikoru, mwanangu, ukurasa huu naukata wote, na aibu yangu ndani, nampa dereva wa lori la tumbaku anayekuja huko kesho. Sasa umejua ni ngoma ya nani. Wakiipiga, usiinuke. Najua ninachokuomba. Miaka yako yote ya shule iko humo, na mimi ndiye niliyekuwa nakuamsha gizani uende. Akikufelisha, rudi nyumbani, sitakulaumu hata siku moja.

Nijibu upesi, kwa dereva huyo huyo, kabla ya Jumamosi. Nataka kurudi kwa mke wa mjomba wako nikiwa na neno la kumwambia kupitia mlango.